Kucha ya kidole gumba cha mguu imeng'olewa mara mbili na bado inarudi kuzama nyamani. Nifanyeje wakuu?

#1 Mlinzi Zamu ya Usiku

Wakuu habari za jioni.

Naenda moja kwa moja kwenye hoja maana hapa nilipo nimesimama kwa mguu mmoja. Kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, upande unaotazamana na kidole cha pili, imezama kwenye nyama. Si ya jana wala juzi, huu ni mwaka wa tatu.

Mimi ni mlinzi, naingia saa kumi na mbili jioni natoka kumi na mbili asubuhi. Nilipoajiriwa nilipewa buti namba 41 na mguu wangu ni 43. Stoo wakasema zilizobaki ndizo hizo. Nikajisemea kazi kwanza, mguu utazoea. Mguu haukuzoea. Kucha ikaanza kunichoma pembeni, nikachukua wembe nikakata ile kona, nikapata nafuu kama wiki mbili. Ikarudi, nikakata tena, safari hii ndani zaidi. Baada ya miezi kadhaa kidole kikavimba, usaha ukaanza kutoka, ikafika mahali hata shuka likigusa nashtuka usingizini.

Nikaenda zahanati moja wakang'oa kucha yote. Kusema kweli nilipona, nikatamba karibu miezi minane. Kucha mpya ilipofika mbele ikazama palepale. Wakang'oa tena mwaka jana. Sasa imerudi mara ya tatu na pembeni kimeota kinyama chekundu, laini, kikiguswa tu kinatoa damu. Duka la dawa walinipa zile kapsuli za rangi mbili, nyingine nameza, nyingine nafungua namwaga unga juu ya kidonda.

Kazini wananiambia huyo ni mdudu. Mwingine kasema nikate alama ya V katikati ya kucha, eti pembeni zitajivuta zenyewe. Mwingine kanitisha kwamba mwisho wa hii kitu ni kukatwa kidole.

Kuna aliyewahi kupona moja kwa moja? Naomba kuwasilisha.

#2 Kapera Mkongwe

Nimekaa hapa mbele kabisa, ngoja wajuzi waje. Ila tafadhali usiweke picha, watu tuko mezani.

#3 Ngosha wa Kahama

Mkuu huyo ni mdudu, asikudanganye mtu. Chukua limao, kata kichwani, pasha kwenye majivu ya moto, chomeka kidole humo usiku mzima. Asubuhi mdudu kafa. Bibi yangu kaponya ukoo mzima kwa limao.

#4 Mlinzi Zamu ya Usiku

Ngosha, kwa jinsi kilivyo na kidonda, nikichomeka kwenye limao majirani watafikiri nimevamiwa.

#5 Tabibu wa Mkoani

Mkuu pole sana. Mimi ni tabibu, nimekaa chumba cha upasuaji mdogo miaka mingi na kidole kama chako nakiona karibu kila wiki. Naomba niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza tutofautishe, maana kila kidole kinachouma huku kwetu kinaitwa mdudu. Mdudu ni jipu la pembeni ya kucha, mara nyingi kwenye vidole vya mkono, linakuja kwa siku chache, linapwita, likitumbuliwa limekwisha. Wala hakuna mdudu ndani yake, ni bakteria tu. Funza ni kitu kingine, huyo kweli ni mdudu, anajichimbia kwenye ngozi karibu na kucha na ukitazama unaona duara jeupe lenye doa jeusi katikati. Fangasi wa kucha nao wanaifanya kucha iwe nene, ya njano, inayomeguka. Yako ni kucha iliyozama: ubavu wa kucha umetoboa ngozi ya pembeni, na mwili unaushambulia kama ambavyo ungeushambulia mwiba.

Hilo neno mwiba lishikeni. Kama umechomwa na mwiba mguuni na mwiba bado umo, unaweza kumeza kapsuli mpaka boksi liishe, usaha utapungua, ukiacha dawa utarudi. Dawa haiyeyushi mwiba. Ndiyo maana kapsuli zako zinakupa nafuu ya wiki moja. Na huo unga unaomwaga juu ya kidonda acha leo. Unaganda, unaziba usaha usitoke, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa.

Sasa mwiba umetoka wapi? Wewe mwenyewe umeutengeneza, na wembe wako. Unapokata kona ya kucha kwa kuichimba, huwezi kuiona kona ile mpaka mwisho. Unakata unachokiona, kile usichokiona kinabaki kama jino la msumeno ndani ya nyama. Siku mbili tatu unasikia raha kwa sababu umeondoa kipande kilichokuwa kinabana. Lakini kucha haisimami, inasukumwa kutoka nyuma, na kile kijino kinakwenda mbele kikichana. Ukikata tena ndani zaidi, kijino kinachobaki nacho kiko ndani zaidi. Nimeona watu wamefika mpaka karibu na shina la kucha kwa mtindo huo, na kila mmoja anakwambia "lakini nikikata napata nafuu". Ndiyo, unapata. Nafuu hiyo ndiyo inayokuuza.

Ya V katikati ni hadithi tu. Kucha unayoiona imeshakufa, ni kama pembe ya ng'ombe. Kiwanda chake kiko nyuma, chini ya ngozi, pale tunapopaita mzizi. Ukichora V mbele, kiwanda hakina habari.

Na kwa nini imerudi baada ya kung'olewa yote mara mbili? Ni kwa sababu hiyohiyo. Walichukua kucha, kiwanda wakakiacha na upana wake uleule. Kucha ya kidole gumba cha mguu inakua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo inachukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu kufika mbele. Muda wote huo kidole hakina kifuniko, unakanyaga, nyama ya mbele inasukumwa juu na kutengeneza kilima. Kucha mpya ikifika inakuta ukuta, inaingia humohumo. Wewe ulidhani umepona, kumbe ulikuwa unasubiri kucha ifike.

Kukatwa kidole ondoa kichwani, ila nina swali: una kisukari? Ulishawahi kupima?

#6 Mlinzi Zamu ya Usiku

Tabibu nashukuru sana, sijawahi kuelezwa hivi hata siku moja. Kule nilikoenda nilitoka na karatasi ya dawa tu. Sukari nilipima mwaka jana kwenye kampeni ya bure, ilikuwa kawaida.

Sasa hiyo tiba ya kugusa mzizi ikoje?

#7 Rangi Mkononi

Naona wembe unasemwa, nikajua tu zamu yetu inakuja. Mimi ni wale vijana mnaotuona mtaani na kikapu cha rangi na beseni, naosha miguu, nasugua visigino, napaka rangi. Mwaka wa sita sasa, hapahapa Dar.

Nataka mjue kwamba wateja wenyewe ndio wanaotaka kuchimbwa. Mama anakaa, ananyoosha mguu, neno la kwanza: "Kijana nichimbie hizo kona, zinaniumiza." Nikimwambia mama hii tuikate sawa, tusiichimbe, ananiambia sijui kazi, anamwita mwenzangu. Na mwenzangu anachimba, anamsifu, wiki ya tatu mama yuleyule anarudi kuchimbwa tena. Mteja wa kudumu huyo! Nikisoma alichoandika tabibu nacheka, maana kibiashara kona ni mtaji.

Mimi niliacha baada ya dada mmoja kurudi kwangu na kidole kimekuwa kama nyanya. Sasa nakata moja kwa moja kama unakata karatasi, naiacha ifike usawa wa ncha ya kidole, kona nazipitishia tupa tu zisikwaruze soksi.

#8 Tabibu wa Mkoani

Rangi Mkononi, wangekuwa wote kama wewe nisingekuwa na foleni. Vifaa unasafishaje kati ya mteja na mteja?

#9 Rangi Mkononi

Zamani nilikuwa nafuta kwa spiriti. Nikahamia Jik, ila Jik inakula chuma, mkasi unaota kutu ndani ya mwezi. Sasa nina seti nne, jioni nachemsha zote. Wembe kila mtu na wake, akimaliza natupa.

#10 Mkulima wa Maua

Habari zenu kutoka Naivasha. Mimi nafanya kazi kwa shamba la maua, na hapa gambuti ndiyo sare. Unaingia nayo asubuhi, unatoka nayo jioni, mguu umelowa jasho kama umetoka kuoga. Ngozi ikilowa hivyo inakuwa laini, kucha inaingia kama kisu kwa siagi. Hii shida kwetu iko watu wengi sana.

Yangu nilipona bila kukatwa, lakini niliwahi mapema. Ilikuwa inauma na imekuwa nyekundu, hakukuwa na usaha. Nesi wa kliniki ya shamba alinionyesha hivi: beseni la maji vuguvugu na chumvi kidogo, unaweka mguu kama dakika kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Mimi nilikuwa nafanya wakati wa taarifa ya habari, ikiisha na mimi nimemaliza. Ukitoa mguu unakausha kabisa. Kisha unachukua kipamba kidogo sana, unakisokota kiwe kama kamba nyembamba, unakiingiza pole pole chini ya kona ya kucha ili kona ipande juu ya ngozi. Siku ya kwanza niliona nyota. Siku ya nne ikawa kazi rahisi. Kipamba unabadilisha kila siku, usikiache kilale wiki nzima maana kitaoza humo.

Kitu ingine alinifundisha ni plasta. Unabandika ncha moja kwa ile ngozi iliyovimba pembeni ya kucha, unaivuta ngozi iachane na kucha, halafu unazungushia plasta chini ya kidole. Ile nafasi ndogo inayofunguka unaisikia mara moja.

Nilikaa hivyo karibu miezi miwili mpaka kona ikatoka mbele. Nyumbani nilivaa malapa tu. Mafuta ya taa ambayo shemeji aliniletea nilimwachia ayatie kwa taa.

#11 Tabibu wa Mkoani

Mkulima wa Maua ameeleza vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Lakini Mlinzi, usiende kutafuta pamba. Njia hiyo ni ya hatua ya kwanza: maumivu, wekundu, uvimbe kidogo. Hatua ya pili panakuwa na usaha. Ya tatu ndiyo yako, kinyama kimeshaota na ngozi ya pembeni imepanda juu ya kucha. Hapo pamba haina pa kuingia.

Nijibu sasa la mzizi. Unalazwa kwenye kitanda cha upasuaji mdogo, unachomwa sindano za ganzi kwenye shina la kidole, huku na huku. Sikufichi, hizo sindano ndizo sehemu mbaya ya shughuli nzima. Zinaunguza. Tunasubiri dakika tano hadi kumi, nakuchoma na ncha, ukisema husikii naendelea. Kidole kinafungwa mpira kwenye shina ili damu isije. Kisha sitoi kucha yote. Napasua kwa urefu ule ubavu mbaya tu, kipande cha upana wa milimita tatu hivi, kutoka mbele mpaka chini ya ngozi ya nyuma, nakizungusha kinatoka chote na mzizi wake. Kucha iliyobaki haiguswi, na inazuia ile nyama ya mbele isipande.

Halafu pale kilipotoka naweka fenoli kwa kijiti chenye pamba, nasugua kwenye mzizi kwa jumla ya dakika moja hadi tatu. Inaunguza kile kipande cha kiwanda kisitoe kucha tena. Fenoli hiyo, kwa wanaopenda historia, ndiyo ileile asidi ya kaboli ambayo Joseph Lister alianza kuitumia kwenye vidonda kule Glasgow mwaka 1865. Huwezi kuitumia nyumbani, inaunguza chochote inachokigusa, na mjamzito hatumfanyii kwa fenoli.

Shughuli yote haizidi nusu saa. Unatembea mwenyewe kurudi nyumbani, japo si kwa buti.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kidonda cha fenoli kinachuruzika maji ya njanonjano wiki mbili hadi nne, wengine hata sita. Watu wengi wanaogopa wakidhani ni usaha, wanakimbilia kapsuli. Ni kidonda cha kuungua, kinajisafisha. Na kucha yako itabaki nyembamba maisha yako yote. Wanaorudiwa wapo, ila ni wachache mno ukilinganisha na wale wanaong'olewa tu.

Si kila kituo kina fenoli. Palipo na daktari wa upasuaji anaweza kuukata mzizi kwa kisu, matokeo ni mazuri pia mkono ukiwa mzuri. Kwa hiyo ukifika hospitali uliza maswali mawili: mnatoa kucha yote au ubavu tu? Na mzizi mnaufanyaje? Akikujibu "tunang'oa tu, itaota nzuri", shukuru, uondoke.

#12 Shujaa wa Wembe

Mnatishana bure. Mimi mwaka wa kumi najichimba mwenyewe kwa wembe na spiriti, sijawahi kukanyaga hospitali kwa ajili ya kucha. Hao wanatafuta hela tu.

#13 Kapera Mkongwe

Shujaa, mwaka wa kumi unachimba kitu kilekile halafu unasema unajitibu? Hiyo si ndiyo aliyosema Rangi Mkononi, mteja wa kudumu? Tofauti ni kwamba wewe ni mteja na kinyozi kwa wakati mmoja.

#14 Binti wa Chumbageni

Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini kwa Shujaa naomba niseme.

Mama yangu, Mungu amjalie afya, ana kisukari miaka kumi na minne. Alikuwa na tabia hiyohiyo ya wembe. Alijikata pembeni ya kucha ya kidole gumba, hakusikia chochote. Hakuna aliyejua. Alivaa soksi zake akaendelea kwenda dukani. Mimi nilikuja likizo, tukakaa ukumbini, nikasikia harufu, nikafikiri panya kafia nyuma ya kabati. Nilihamisha kabati. Mama ananitazama, ananiambia mimi sisikii harufu yoyote.

Jioni aliponinyooshea mguu nimpake mafuta ndipo nikaona. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye fundo. Alikipoteza kidole kile na kile cha pili yake, na madaktari walituambia tumshukuru Mungu kwamba ni vidole tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakulalamika hata siku moja. Nilikuwa nampigia simu kila jioni, "mama shikamoo, vipi hali?" "Marahaba mwanangu, mzima kabisa." Na kwa alivyokuwa anasikia, alikuwa mzima.

#15 Tabibu wa Mkoani

Pole sana dada yangu, na umesema jambo ambalo mimi ningelisema vibaya.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu na kuziba ile ya damu. Maumivu ndiyo kengele, na kengele imekatwa waya. Mwenye kisukari, hata kama kucha imezama kidogo tu, asijaribu pamba, asijaribu wembe, aje kliniki siku hiyohiyo. Hata beseni la maji ya moto asiingie, kuna watu wameungua miguu wakidhani maji ni vuguvugu, kwa sababu waliyapima kwa mguu usiosikia. Kila usiku atazame nyayo na katikati ya vidole, asipoweza kuinama mtoto amtazamie au aweke kioo sakafuni.

Kwa Shujaa: kidonda kidogo kilichoingia ndani kwenye mguu unaokanyaga udongo ndipo pepopunda inapopenda. Na ule wembe, kama nyumbani kuna mwingine anautumia, homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi.

Kwa wote: wekundu ukianza kupanda kutoka kidoleni kuelekea kwenye mguu, ukapata homa, au mitoki ikavimba kinenani, usisubiri Jumatatu.

#16 Fundi Kiatu Mwanza

Mimi nashona na kutengeneza viatu huku Mwanza, na ninasema nusu ya mambo haya yanaanzia sokoni.

Watu wananunua mitumba kwa macho. Kiatu kizuri, bei nzuri, kinabana kidogo, "kitatanuka". Ngozi hutanuka upande, mkuu, haitanuki mbele. Ncha ya kiatu ina kipande kigumu ndani, hicho hakitanuki mpaka kiatu kinakwenda jalalani. Nikiletewa kiatu nikitie kalibu kipanuke, upana naweza kukupatia, urefu siwezi.

Na namba zisiwadanganye. 43 ya kiwanda hiki ni 42 ya kile. Fanya hivi: jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea, simama juu ya boksi la katoni, chora mguu kwa kalamu, kata. Nenda na katoni yako sokoni, itumbukize kwenye kiatu. Ikikunjika, kiatu si chako. Mbele ya kidole kirefu kibaki na nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Pima miguu yote miwili, karibu kila mtu mmoja ni mkubwa.

Mlinzi, buti 41 kwenye mguu wa 43! Hata ukifanyiwa upasuaji na profesa, ukiirudia hiyo buti mtaonana tena.

#17 MamaWatatu

Naomba niulize hapahapa. Kijana wangu ana miaka 14, anacheza mpira, njumu anavaa bila soksi na ni za kaka yake. Vidole gumba vyote viwili vimeanza. Ni umri au ni njumu?

#18 Tabibu wa Mkoani

Vyote, mama. Umri huo mguu unakua haraka, unatoa jasho sana, na kucha bado laini. Wengi wa ninaowaona ni vijana wa rika lake. Mtafutie njumu zake na soksi za pamba, akate kucha moja kwa moja, umfanyie ile ya Mkulima wa Maua. Mwache nje ya uwanja mpaka maumivu yaishe. Atanuna.

#19 Ngosha wa Kahama

Nimekubali yaishe kuhusu limao. Ila Bob Marley si alikufa kwa kidole gumba cha mguu alichoumia kwenye mpira? Kwa hiyo haya mambo yanaua.

#20 Tabibu wa Mkoani

Ngosha, hapo umegusa kitu cha maana kwa bahati. Bob Marley hakufa kwa kuumia. Mwaka 1977 alikutwa na saratani ya ngozi, melanoma, chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu. Kuumia mpirani ndiko kulikofanya kidole kitazamwe vizuri, hakukuleta ugonjwa. Alikataa kukatwa kidole, saratani ikasambaa, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Sasa msianze kukagua kucha kwa tochi. Sisi wenye ngozi nyeusi mistari ya kahawia kwenye kucha ni jambo la kawaida, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Unaoniogopesha ni mstari mmoja kwenye kucha moja, unaozidi kupanuka, au weusi unaomwagikia kwenye ngozi ya nyuma ya kucha. Na kinyama kinachotoa damu kisichopona hata baada ya kucha kushughulikiwa, kikatwe kipande kipelekwe maabara. Ndiyo sababu nyingine sipendi watu wakae miaka mitatu na kidole wakimwagia unga.

#21 Mlinzi Zamu ya Usiku

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani nilipotea wiki tano.

Nilikwenda hospitali nyingine, nikauliza yale maswali mawili. Daktari kijana akanitazama akacheka, akasema "nani kakufundisha?" Nikamwambia watu wa mtandaoni. Akasema anatoa ubavu tu na fenoli anayo.

Sindano za ganzi: tabibu hakudanganya. Nilimshika nesi mkono, akaniambia nimuachie anataka kufanya kazi. Baada ya hapo sikusikia kitu, nilisikia harufu tu, kama ile sabuni nyekundu ya zamani. Alipomaliza akaniita nitazame kwenye sahani. Kipande chembamba, kirefu kuliko nilivyodhani, na ubavuni pana jino limechongoka kama mwiba wa samaki. Nililitazama muda mrefu. Miaka mitatu nalisha kitu kile kwa mkono wangu. Kile kinyama nacho alikikata akakipeleka kupimwa, majibu yamekuja ni nyama ya kidonda tu, hakuna kibaya.

Usiku wa kwanza nililala mguu juu ya mito miwili, panadol zikatosha. Kuanzia siku ya pili nikawa naosha kwa maji ya chumvi na kubadilisha kitambaa. Siku ya sita yale maji ya njano yakaanza, nikataka kukimbilia kapsuli, nikaurudia uzi huu nikasoma tena, nikatulia. Yamekauka wiki ya nne. Leo nimekanyaga ukingo wa kitanda kwa bahati mbaya na sikupiga kelele.

Kazini nilipeleka karatasi ya daktari, wakanipa wiki mbili za kukaa getini na sendo, kisha wameniagizia buti mpya. Zimefika jana. Namba 45.

#22 Fundi Kiatu Mwanza

Kubwa inarekebishika, ndogo ndiyo ilikuwa msiba. Tafuta fundi huko akuwekee soli ya ndani mbili na kipande cha sponji kisiginoni mguu usiteleze kwenda mbele. Kamba ifunge ibane kwenye kifundo, vidole viache vipumue.

#23 Kapera Mkongwe

Na sasa picha unaweza kuweka, nimeshakula.